Weupe Uliodhaniwa Wingu

Asubuhi ile Oili Kumpula alipata namba nzuri kuliko zote alizowahi kuziona tangu mwezi wa tatu, na kwa furaha yake hakuiuliza imetoka wapi.

Ilikuwa sifuri nukta sita. Aliisoma kwenye skrini, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya sweta, akaisoma tena. Kisha akachukua simu akamwandikia mwanawe Tarmo ujumbe mfupi: "0.6. Kofia ivuliwe, nusu saa."

Oili alikuwa fundi wa vipimo katika kituo cha kuchunguza anga huko Lapi, kaskazini mwa Ufini, na kazi hiyo alikuwa ameifanya kwa miaka thelathini na minne. Setilaiti ilipita juu yao mara kadhaa kila mchana, ikapokea mwanga wa jua unaorudi kutoka ardhini. Kutokana na mwanga huo mashine za kituo zilipiga hesabu: hewani kuna ozoni kiasi gani, kuna gesi nyingine kiasi gani, na kwa kuwa ozoni ndiyo inayotukinga, miale ya jua inayochoma, ile isiyoonekana kwa macho, itamfikia mtu kwa ukali gani saa sita mchana. Dakika ishirini baada ya setilaiti kupita, ramani ilikuwa tayari. Watu waliitazama kabla ya kwenda kuvua samaki au kupanda milima. Oili aliitazama kwa ajili ya mtu mmoja tu.

Mtu huyo alikuwa Meeri, binti wa Tarmo, mwenye miaka tisa. Meeri alizaliwa na ngozi isiyojua kujitibu. Wewe na mimi jua likituchoma, ngozi hujirekebisha yenyewe kimyakimya usiku tukiwa tumelala. Ya Meeri haikujirekebisha. Kila mwale ulioingia ulibaki humo milele, na madaktari walisema wazi kwamba miale ikizidi, saratani haitasubiri akue. Kwa hiyo alivaa glavu, nguo za mikono mirefu, na kofia kubwa ya kitambaa yenye kioo cha plastiki mbele ya uso. Watoto wa shule walimwita mwanaanga. Alikuwa amelizoea jina hilo, na kwenye daftari zake alichora roketi.

Majira ya giza, jua lisipochomoza kabisa, ndiyo yalikuwa sikukuu yake. Aliteleza na kigari chake cha theluji uso wazi, mashavu yakiwa mekundu kama ya watoto wote. Lakini sasa ilikuwa mwisho wa mwezi wa tano. Jua halikutua tena. Lilizunguka mbinguni usiku na mchana, na tangu mwezi wa tatu Meeri hakuwa ameutoa uso wake nje hata mara moja.

Sheria yao ilikuwa moja, nao walikuwa wameiweka pamoja na daktari: namba ikiwa chini ya moja, kofia inaweza kuvuliwa kwa nusu saa, baada ya kupakwa mafuta mazito ya kinga. Namba aliitoa Oili. Hakuna aliyeihoji. Nani angemhoji mtu aliyekuwa akipima anga kabla baba wa mtoto hajaota ndevu?

Tarmo alijibu upesi. "Tunaenda Harrivaara kwa akina Ristiina. Ndama wamezaliwa. Anaruka ruka hapa, viatu amevaa kinyume."

Oili akacheka peke yake.

"Leo unatabasamu kama bibi harusi," alisema Pentti, mwenzake, aliyekuwa akipita na kikombe cha kahawa kilichojaa vipande vya jibini. Pentti alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu, na jibini kwenye kahawa ndicho kitu pekee alichokubali kukiita kifungua kinywa.

"Meeri anakwenda kuona ndama wa kulungu. Uso wazi."

"Mwezi wa tano?"

"Sifuri nukta sita. Mawingu mazito kote kaskazini."

Pentti akachungulia dirishani. Anga ilikuwa nyeupe, ardhi nyeupe, na katikati yake miti ya misonobari ilisimama bila vivuli. Siku mbili nyuma theluji ilikuwa imeanguka upya, baada ya ile ya kipupwe kuyeyuka yote na watu kuanza kutoa baiskeli.

"Basi mungu wa mawingu abarikiwe," akasema, akaenda zake.

Saa tano na nusu Oili alipanda ngazi ya chuma hadi juu ya paa. Huko kilikaa chombo kikuukuu walichokiita Mzee, sanduku jeupe lenye kikombe cha kioo kilichogeuka polepole kulifuata jua siku nzima. Setilaiti ilipima kutoka juu, Mzee alipima kutoka chini, na kazi ya Oili ilikuwa kuona kama wawili hao wanapatana. Aliipangusa barafu nyembamba iliyokuwa imeganda kwenye kioo kwa kitambaa laini. Macho yalimuuma. Alidhani ni kwa kukosa usingizi, maana nani hulala vizuri majira jua halitui. Akashuka.

Alipofika mezani Mzee alikuwa amekwisha kupima. Nne nukta saba.

Oili alikaa. Kwanza hakuogopa. Alimwazia Mzee vibaya, kama unavyomwazia vibaya mtu wa nyumbani kabla ya kumshuku mgeni. Huenda alikuwa ameligonga sanduku kwa kiwiko. Alisubiri dakika tano, akatazama tena. Nne nukta nane.

Kioo kichafu hupunguza namba. Barafu hupunguza namba. Uzee hupunguza namba. Katika miaka yake yote hakuwahi kuona kasoro ya Mzee inayoongeza mwanga. Kinachoongeza mwanga ni mwanga.

Akaifungua ramani tena. Sifuri nukta sita. Kisha macho yake yakashuka kwenye daftari lililokuwa wazi kando ya mkono wake, ambamo saa moja asubuhi aliandika kwa mwandiko wake mwenyewe, baada ya kusoma fimbo iliyosimikwa uani: theluji, sentimita kumi na nne.

Akalisogeza daftari chini ya skrini, namba kando ya namba.

Setilaiti ikiwa juu kule huona weupe tu. Wingu ni jeupe, theluji ni nyeupe, na kutoka juu ni vigumu kutambua kipi ni kipi. Kwa hiyo mashine huuliza jedwali: tarehe hii, mahali hapa, ardhi huwa na theluji? Jedwali lilikuwa limetengenezwa kwa rekodi za miaka mingi za watu kama Oili, watu wanaotoka kila asubuhi na kusoma fimbo. Na jedwali lilijibu kwamba mwisho wa mwezi wa tano hakuna theluji. Basi, mashine ikaamua, huu weupe ni wingu, tena wingu nene mno, na chini ya wingu nene kama hilo hakuna mwale wa kumdhuru mtu.

Lakini juu hapakuwa na wingu nene. Palikuwa na ukungu mwembamba kama utando wa maziwa yaliyopoa, wa kufuta vivuli na kuwadanganya watu macho. Miale iliupita bila shida, ikagonga theluji mpya, ikarudi juu, ikashuka tena. Na kadiri theluji ilivyokuwa nyingi, ndivyo mashine ilivyozidi kuona wingu, na ndivyo namba ilivyozidi kuwa ndogo. Mahali ramani ilipopaita salama kuliko pote ndipo palipokuwa na hatari kuliko pote.

Akavuta ramani hadi Harrivaara. Kule milimani rangi ilikuwa ya bluu iliyokolea. Sifuri nukta tatu.

Simu ya Tarmo haikuita hata mara moja. Nyuma ya kilima kile mtandao haufiki, hilo alilijua. Alijaribu mara nne hata hivyo. Kisha akampigia Ristiina, mwenye kulungu, ambaye alikuwa jikoni kwake na redio ikiimba nyuma yake.

"Oili. Wamefika, usiwe na shaka. Mtoto amekunywa maziwa, wametoka."

"Wametoka lini?"

"Nusu saa hivi. Wako zizini nyuma ya kilima, na mwanangu Niila. Kilomita nne."

"Ristiina, nisikilize. Mvalishe mtoto kofia. Namba niliyotoa ni ya uongo."

"Mbona hapa kumefunga, dada yangu? Hata kivuli changu sikioni."

"Asubuhi ulitoka nje?"

"Tangu saa kumi na moja. Kuna jike lilikuwa linazaa vibaya."

"Ulivaa miwani ya jua?"

"Nilivaa. Macho yalikuwa yananichoma kama nimekata vitunguu."

Oili alimwacha alisikie alilosema. Alisubiri. Redio jikoni kwa Ristiina iliimba mstari mmoja mzima, kisha ikazimwa.

"Nakwenda," alisema Ristiina. Oili akasikia mlango, kisha mngurumo wa pikipiki ya magurudumu manne, kisha simu ikakatika.

Alipogeuka, Pentti alikuwa amesimama nyuma yake na funguo za gari mkononi. Alikuwa ameziona namba mbili kwenye skrini, na miaka thelathini ilimtosha kusoma zilizobaki.

"Nenda kavae koti," alisema. "Mimi natafuta kitu cha kuziba madirisha."

Akachukua mifuko myeusi ya taka kutoka chumba cha mifagio, na ukanda wa kunata, akaziba madirisha ya nyuma ya gari lake moja baada ya jingine, kwa uangalifu, akiikunja mifuko pembeni ili isipeperuke. Oili alitaka kumwambia afanye haraka. Akaziona zile pembe zilivyokunjwa, akamshikilia ukanda. Kabla ya kuondoka, Pentti alirudi ndani dakika moja, akawapigia wanaosimamia ramani, akawaambia waandike juu yake kwa herufi nyekundu kwamba namba za kaskazini zisiaminiwe mpaka theluji itoke.

Kilomita sabini. Pentti aliendesha, mabega yameinuka. Barabara ilikuwa nyeusi na imelowa, lakini pande zote mbili dunia ilikuwa nyeupe, nyeupe, nyeupe. Oili alikuwa akiipenda theluji tangu utoto. Siku ile aliitazama kama mtu anayetazama mdomo wa mnyama. Kila mtelemko ulikuwa kioo, na kila kioo kilimwelekea mtoto mmoja.

"Nilipima mwenyewe," alisema mwishowe. "Saa moja. Sentimita kumi na nne. Niliandika, Pentti, nikafunga kalamu. Saa mbili na nusu baadaye nikaamini hakuna theluji."

"Hata mimi nilichungulia dirishani."

"Wewe hukutoa kibali."

"Niliyabariki mawingu," alisema Pentti.

Aliendesha kwa mkono mmoja, akamimina kahawa kikombeni kutoka kwenye chupa kwa mkono wa pili, akampa. Oili akakishika kile kikombe mpaka kikapoa.

Tarmo walimkuta uani kwa Ristiina, amesimama mbele ya ghala dogo la magogo lisilo na dirisha. Alikuwa hana kofia. Uso wake ulikuwa umeiva kama wa mvuvi.

"Yuko wapi?" Oili aliuliza.

"Humo ndani. Ristiina kamfungia na ngozi za kulungu." Akamtazama mamake. "Dakika arobaini, Mama."

"Tulisema nusu saa."

"Alikuwa anacheka. Kuna ndama alimlamba pua. Miezi miwili sijamwona akicheka nje, nikasema dakika kumi zaidi, namba ni ndogo, sifuri nukta sita, zitamfanya nini?" Sauti yake ikaanza kupanda, naye akaishusha kwa nguvu, kwa ajili ya mtoto nyuma ya mlango. "Wewe ndiye uliyeniambia."

"Ndiyo."

"Sikuchukua hata kile kipimo cha mkononi. Kiko kwenye droo nyumbani. Nilijiuliza nikichukue cha nini, na mama yangu ni kituo kizima."

"Ndiyo, Tarmo."

"Usiseme ndiyo, ndiyo. Sema kitu."

Ristiina akatoka ndani na taulo lililolowa maji baridi, akampa Tarmo ajifute uso. Akamgusa Oili kiwiko, akapita. Baadaye Oili alikuja kujua kwamba Ristiina, alipofika zizini, hakupoteza muda hata wa kumvalisha mtoto kofia. Alivua koti lake mwenyewe, akamfunika Meeri kichwa kizima, akampakia mbele yake, akaendesha kilomita nne katika baridi ile akiwa na fulana tu. Usiku ule alishikwa na homa. Hakumwambia mtu. Ni Niila aliyesema.

Ghalani mlikuwa na giza na harufu ya samaki mkavu. Meeri alikaa juu ya ngozi, magoti kidevuni.

"Mummo," alisema, maana hivyo ndivyo alivyomwita bibi yake, "ulimi wa ndama unakwaruza kama msasa. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka ujionee mwenyewe."

"Baba amekasirika. Nimefanya nini?"

"Wewe hujafanya kitu, mpenzi wangu. Mummo ndiye aliyesoma vibaya."

Meeri akafikiri. "Wewe huwa husomi vibaya," alisema, na alilisema kama mtu anayemtetea mwenzake shuleni.

Wakamrudisha nyumbani akiwa gizani, nyuma ya mifuko ya Pentti iliyokunjwa pembe.

Ngozi ya kawaida ikiungua hukuambia jioni ileile. Ngozi ya Meeri ilikuwa na ukatili wa kukaa kimya. Daktari aliwaeleza kwa simu kwamba wasubiri siku tatu: jeraha huja polepole, hupanda, na siku ya tatu ndipo huonyesha lilivyo. Oili aliomba ruhusa kazini. Alihamia kwa mwanawe na begi dogo, akalala kwenye kochi, na kila asubuhi alimtazama Meeri mashavu kwa taa ya mezani iliyofunikwa kitambaa.

Siku ya kwanza, hakuna kitu. Oili alipika supu ya samoni, hakuna aliyeimaliza.

Siku ya pili, hakuna kitu. Meeri alichora ndama mwenye kofia ya mwanaanga. Tarmo alianza kusema na mamake tena, maneno ya nyumbani tu: chumvi iko wapi, nani kaacha mlango wazi. Oili aliyapokea hayo kwa shukrani, kama mtu anayerudishiwa kitu kimoja kimoja.

Siku ya tatu asubuhi mashavu yalikuwa meupe na laini. Paji la uso, safi. Pua, safi. Tarmo akakaa sakafuni, akafunika uso kwa mikono. Mafuta ya kinga yalikuwa yamefanya kazi yake.

"Panawasha huku," alisema Meeri, akainua kidevu.

Chini ya kidevu, kutoka sikio hadi sikio, ulikuwako mkanda mwekundu wenye malengelenge madogo madogo kama mayai ya samaki. Chini ya ncha ya pua pia. Na nyuma ya ndewe za masikio, mahali ambapo jua halipigi kamwe na ambapo hakuna mzazi duniani aliyewahi kumpaka mtoto mafuta.

Oili alielewa mara moja. Walikuwa wamemkinga na mbingu. Miale ilikuwa imetoka chini.

Daktari wa hospitali ya mjini aliwapa dawa ya kupaka na miadi ya kila mwezi. Alikuwa kijana mpole, alizungumza na Meeri kwanza kabla ya wakubwa, akamruhusu ashike kioo chake cha kukuzia. Malengelenge yatapona, alisema. Yaliyoingia chini yake ndiyo ya kuangaliwa. Kwa muda gani, Tarmo aliuliza. Kijana yule akakunja karatasi yake, akasema, miaka.

Jioni ile Meeri alilala chali kwenye kochi, kichwa kimening'inia ukingoni, koo wazi, na Oili akapiga magoti sakafuni akimpaka dawa kwa pamba.

"Kesho namba ngapi?" Meeri aliuliza kuelekea dari.

"Kesho utavaa kofia."

"Hata ikiwa sifuri?"

"Hata ikiwa sifuri. Nitakuja na kipimo cha mkononi, tutasimama mlangoni, tutapima juu, halafu tutakigeuza tupime chini. Tutaanza hivyo."

"Na kipimo kikidanganya?"

Oili aliendelea kupaka. "Hatutakuwa na kimoja tu," alisema.

Mtoto akaridhika, au alichoka, akafumba macho. Oili akaisogeza taa karibu kidogo. Kati ya malengelenge mawili, juu kidogo ya koo, kulikuwa na doa la kahawia, dogo kuliko mbegu ya ufuta. Alilifuta kwa pamba. Halikutoka.

Akajaribu kukumbuka kama lilikuwapo wiki iliyopita. Alikuwa amekibusu kile kidevu mara elfu, lakini kwa juu, na taa ilikuwa haijawahi kumulika huku chini. Katika madaftari yake yaliyojaa theluji na ozoni na mawingu ya miaka thelathini na minne, mahali hapa hapakuwa na kipimo hata kimoja cha kulinganisha.

"Mbona umeacha?" Meeri aliuliza bila kufumbua macho.

"Sijaacha," alisema Oili. Akanyoosha mkono taratibu mezani akachukua kalamu na kipande cha karatasi, akaandika tarehe, na chini yake akachora doa lile kwa ukubwa wake halisi.